Mikono inayokumbuka soko: Kazi za sanaa zinavyowasaidia wazee wenye ugonjwa wa kusahau

MIONGONI mwa dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau ni shida ya kushika hesabu za pesa. Mama aliyebadili shilingi ya Kenya kuwa ya Tanzania kichwani kwa miaka thelathini, bila karatasi wala kikokotoo, anaanza kukwama. Mteja wa Kenya anarudishiwa chenji ya Tanzania. Aliyekwisha kulipa anadaiwa tena, na mdaiwa wa kweli anapita mbele ya meza bila kuulizwa. Sokoni minong'ono inaanza: mama huyu siku hizi ana tamaa, au amerogwa.

Kwa watu wa biashara ya mpakani jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Biashara yetu inasimama juu ya neno la mtu. Mzigo unachukuliwa kwa mali kauli upande mmoja, unauzwa upande wa pili, na fedha zinarudi baada ya soko. Anayepoteza kumbukumbu hupoteza jina lake mbele ya wenzake hata kabla familia haijajua kwamba anaumwa.

Madaktari huuita ugonjwa huu demensia. Ni hali ya ubongo kuharibika polepole hadi kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupanga mambo vinapungua kuliko ilivyo kawaida kwa umri wa mtu. Aina inayoongoza ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi sasa hakuna dawa ya kuiponya.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Jibu liko karibu. Ukivuka Holili ukapita Himo na Moshi, ukashika barabara ya Arusha, unaingia Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro. Huko watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban wazee sita katika kila mia walikuwa na demensia. Wengi wa wazee wa aina hii huishi nyumbani na watoto na wajukuu, bila mtu kujua jina la kinachowasumbua.

Hai walifanya nini

Baada ya kuwapata wagonjwa, swali lilikuwa wasaidiweje. Wataalamu hao walichukua mpango wa Uingereza wa kuuchangamsha ubongo kwa mazungumzo, michezo na ubunifu. Mpango huo ulijaribiwa kwa wagonjwa 201 katika nyumba za wazee na vituo vya kutwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003: waliohudhuria walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko wale ambao hawakuhudhuria.

Unavyoendeshwa ni rahisi kueleza. Wazee wachache huketi pamoja mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, jumla mikutano 14, kila mmoja kama dakika 45. Kikundi hujichagulia jina na wimbo wa kufungulia. Kila siku ina mada yake. Siku moja ni sauti na muziki, nyingine chakula, nyingine utoto. Ipo siku ya ubunifu, ambapo wazee hutengeneza kitu kwa mikono yao. Na ipo siku ya pesa: wanazishika, wanazungumza juu ya bei za zamani na za sasa, wanakadiria bidhaa fulani ingeuzwa kiasi gani.

Kabla ya kuanza, mpango ulirekebishwa ili ufae mazingira ya Tanzania na Nigeria. Wazee wengi wa vijijini hawakusoma sana, kwa hiyo kazi za kuandika zilipunguzwa na vikatumika vifaa vinavyopatikana hapohapo. Huko Hai walishiriki wagonjwa 34 wenye demensia ya kiwango cha chini na cha kati. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha vipimo vya akili vimepanda, wasiwasi umepungua, na fujo za tabia zinazowachosha walezi zimepungua pia.

Hawakupona. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu katika njia zetu za biashara kuna wanaouza chupa za dawa wakidai zinarudisha akili. Faida iliyopatikana Hai ilitokana na watu kukaa pamoja, kuzungumza na kutumia mikono, mambo ambayo hayahitaji maabara.

Kwa nini mikono inakumbuka

Kumbukumbu ina vyumba vingi. Kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer chumba kinachoharibika mapema ni cha mambo mapya: nani alikuja asubuhi, dawa imemezwa au bado, mzigo umelipiwa au la. Chumba cha ustadi wa mikono hudumu zaidi. Ndiyo maana bibi anayesahau jina la mjukuu anaweza kukaa chini akasuka ukili bila kukosea, na mwingine asiyejua leo ni siku gani akapeta mchele kwenye ungo kwa mdundo uleule wa miaka yote. Nyimbo za ujana na hisia nazo hukaa muda mrefu. Mgonjwa anaweza kusahau ulichomwambia jana, lakini furaha au uchungu uliomwachia ukabaki.

Sanaa inapita hapo hapo. Mwenye kupaka rangi, kusuka, kufinyanga au kuimba hatakiwi kutoa jibu sahihi, kwa hiyo haaibiki kwa kukosea.

Nchini Marekani, mwalimu wa michezo ya kuigiza Anne Basting aliligundua hilo katika miaka ya 1990. Aliacha kuwauliza wazee wanakumbuka nini, akawaonyesha picha na kuwaomba watunge hadithi juu yake. Kila neno waliandikiwa, hata lisiloeleweka, kisha wakasomewa hadithi yao. Watu waliokuwa wamenyamaza wakaanza kusema na kucheka. Njia hiyo, iitwayo TimeSlips, leo inatumika katika nyumba nyingi za wazee. Sisi tuliokua tukiitikia "Pakawa!" kila tulipoambiwa "Paukwa!" hatuna haja ya kufundishwa kwamba hadithi huwaamsha watu.

Utakavyofanya nyumbani

Tiba ya sanaa kwa maana yake kamili huendeshwa na mtaalamu aliyesomea. Lakini familia inaweza kufanya mengi, hasa ya mfanyabiashara, kwa kuwa vifaa vimejaa stoo.

Anza na kazi aliyoijua. Aliyeuza nafaka mpe ungo na kilo moja ya maharage mchanganyiko, ayachambue kwa rangi na ukubwa. Aliyeuza nguo mpe khanga na vitenge, avikunje, avipange kwa rangi, aseme kipi angekiweka mbele ya meza na kwa nini. Aliyesuka kiondo Ukambani, mkeka Pwani au kikapu Rwanda mpe nyuzi na mianzo ya kazi uliyokwisha kuishika mwenyewe. Usimpe mzigo wa mteja, maana utamgombeza ukiharibika.

Rangi na karatasi nazo zina nafasi. Mwache achore gulio alilolijua: njia ya kuingilia, mti wa kivuli, walipokaa wauza samaki. Picha ikiwa mistari mitupu, muulize mstari huu unakwenda wapi. Utasikia habari ambazo hukuwahi kusimuliwa.

Chunga namna ya kuuliza. "Unakumbuka?" ni mtihani, na akishindwa anaumia. Mwambie, "Mama, hiki kitenge kingemfaa nani?" au "Baba, hapa ungeanza na bei gani?" Akitaja bei ya mwaka 1985, usimsahihishe. Mjibu kwa bei hiyohiyo, mpatane. Kupatana bei ni mchezo wa akili aliouishi, na ukimwacha akushinde mara moja moja hupotezi kitu.

Chagua asubuhi, maana wengi huchoka na kuhangaika jioni ikiingia. Zima redio wakati wa kazi, isipokuwa muziki wenyewe ndio kazi. Nusu saa hadi dakika 45 inatosha, mara mbili kwa wiki au zaidi. Akikataa, mwache ujaribu kesho. Kisu na sindano viwe mbali ugonjwa ukishakolea, na shanga ndogo pia, kwani wengine huzitia mdomoni.

Na wewe unayeondoka Jumatatu kwenda Namanga au Busia na kurudi Alhamisi, usimwachie dada mmoja kazi yote. Mlezi asiyepumzika huugua. Pangeni zamu. Mjukuu wa miaka kumi anaweza kukaa na bibi akichora naye, na wote wawili wakafaidika. Ongeeni pia na majirani wawili au watatu wenye wazee wa hali hiyo, muwakutanishe uani siku moja kwa wiki. Msingi wa kikundi cha Hai ulikuwa huohuo: watu, mahali pa kukaa, na jambo la kufanya.

Kabla hujasema ni uzee

Si kila kusahau ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi na baadhi ya dawa vinaweza kumchanganya mzee, na vingi kati ya hivyo hutibika. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni dharura ya hospitali. Presha na kisukari visivyodhibitiwa huongeza hatari ya demensia, kwa hiyo vipimo hivyo vinamhusu hata kijana anayekesha kwenye lori.

Kwa upande wa biashara, fanyeni mapema, wakati mzee bado anaelewa na anaweza kuamua. Kubalianeni naye nani atashika daftari la madeni. Mpeleke mtoto huyo atambulishwe kwa wanaotudai na tunaowadai, pande zote mbili za mpaka. Namba ya siri ya fedha za simu asipewe wakala wala kijana wa jirani, maana matapeli huwanyemelea sana wanaosahau. Asiondolewe sokoni siku moja kama aliyefukuzwa. Akiweza, aendelee kuketi pembeni ya meza saa chache, akikunja nguo na kusalimiana na wateja, huku mwingine akipokea pesa. Wateja wa siku nyingi waambiwe ukweli: mama anaumwa, hajawa mwizi.

Kwa Wakenya, lipo shirika linalowaelekeza wagonjwa wa Alzheimer na familia zao, na kwa Watanzania mahali pa kuanzia ni hospitali ya wilaya. Kila tarehe 21 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Alzheimer, na ni nafasi nzuri kwa vyama vya wafanyabiashara wa mpakani kumwalika mganga aje azungumze sokoni.

Safari ijayo, utakapofunga mzigo wa kurudi nyumbani, tia ndani kitu kidogo cha kushika: kipande cha kitenge cha Kongo, konzi ya maharage ya Uganda, ukili wa Pwani. Ukifika usimuulize mzee kama anakumbuka ulikokwenda. Kiweke mikononi mwake, kaa karibu, umwache akuambie kingeuzwa bei gani.