Kwa gari la moshi toka Bruxelles mpaka Roma

Watu wengi wa kwetu hudhani ya kuwa kusafiri katika Ulaya ni kazi ya matajiri tu. Si uongo kabisa, maana huko kikombe kimoja cha kahawa chaweza kula pesa ya mboga ya siku mbili. Lakini wako Wazungu wasio na kitu, nao husafiri. Na mwenye kuangalia namna yao hujifunza mengi. Sisi wawili, mume na mke, tuliangalia, kisha tukajaribu.

Mdogo wake mwenzetu alikuwa apewe ushemasi huko Roma, siku ya Jumamosi. Tiketi za ndege, kwenda Bruxelles na kurudi toka Roma, tulipewa na jamaa. Njia ya katikati ilikuwa juu ya mfuko wetu: yuro 700, zilizowekwa miaka miwili kwa ajili ya mabati ya nyumba. Mwenzetu alikubali zitolewe, ila kwa sharti kwamba mfuko ataushika yeye, na kila jioni hesabu itaandikwa katika daftari. Waume wanaosoma haya wacheke wakipenda. Daftari lile ndilo lililotufikisha.

Msomaji atauliza: mbona hamkupanda ndege, nayo huenda kwa saa mbili tu? Mwenzetu alijibu neno hilo zamani: hataki kupita juu ya nyumba za watu bila kupiga hodi.

Iko tiketi moja iitwayo Eurail, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa wageni wanaokaa nje ya Ulaya. Wenyeji wanayo ya kwao, Interrail, tangu 1972. Mwenye tiketi hiyo hupanda magari ya nchi nyingi kwa hesabu ya siku alizolipia. Ni njema kwa mtu anayepanda kila siku. Kwa safari fupi kama yetu, tiketi mojamoja zilikuwa rahisi zaidi. Tena ni lazima kujua kwamba magari ya mbio bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia, kama bei ya samaki siku ya Ijumaa Kuu. Magari ya polepole, yanayosimama kila mji, mara nyingi bei yake ni ileile, ununue leo au saa ya kuondoka. Maskini na apande ya polepole, au anunue mapema.

Jumanne asubuhi tuliondoka Bruxelles. (Tunasema gari la moshi kwa desturi, moshi haupo, linakwenda kwa umeme.) Tulilipa mpaka mpakani tu, kwa sababu katika nchi ya Luxembourg, tangu mwisho wa Februari 2020, mabasi, tramu na magari ya reli ya daraja la pili hayalipiwi na mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni. Mwenzetu hakusadiki mpaka tuliposhuka. Mji wenyewe umekaa juu ya mabonde marefu, na madaraja yanaunganisha ng'ambo na ng'ambo. Katika Kanisa Kuu tulisali mbele ya sanamu ya Bikira Maria Mfariji wa Wenye Uchungu, msimamizi wa nchi ile. Jioni tukashika njia ya Metz, tukalala Strasbourg katika nyumba ya wageni ya masista.

Kanisa Kuu la Strasbourg lina mnara mmoja tu, wa mita 142, uliomalizika mwaka 1439. Mwenzake haukujengwa kamwe. Ndani iko saa kubwa ajabu: saa sita na nusu ya mchana sanamu za mitume hupita mbele ya Kristo. Kwa kutazama hayo hukatwa tiketi. Daftari likakataa, tukala mkate wetu nje, tukiutazama mnara, ambao hautozi kitu.

Alhamisi ndiyo iliyotutia hofu. Tiketi yetu ya Basel mpaka Milano ilikuwa ya bei nafuu, na tiketi ya namna hiyo ni ya gari moja tu, likikuacha, imekufa. Basi, gari lililotutoa Strasbourg likakawia njiani. Kwa kuwa tiketi hizo mbili zilinunuliwa mbalimbali, hakuna aliyekuwa na deni la kutungojea. Stesheni ya Basel ina upande wa Wafaransa na upande wa Waswisi, na kati yake ni ushoroba wa forodha. Tuliukimbia ule ushoroba, sisi na masanduku, mwenzetu mbele, kanga imefungwa kiunoni. Mlango ulifungwa nyuma yetu. Kama tungeachwa, mfuko usingefika Roma.

Baadaye tukaingia chini ya milima ya Gotthard, katika shimo la kilometa 57 lililofunguliwa mwaka 2016. Karibu dakika ishirini hakuna cha kuona. Karibu na mpaka wa Italia waliingia askari wawili. Behewa lilijaa, lakini walituuliza sisi tu. Viza moja ya Schengen hufaa katika nchi 29, lakini haimzuii askari kuuliza. Tukatoa pasipoti, barua ya mwaliko na tiketi za kurudi, vyote katika bahasha moja iliyokuwa tayari mkononi. Mwenzetu akaendelea kumenya yai. Wakarudisha, wakaenda.

Ijumaa kutwa tulikuwa katika magari ya polepole: Piacenza, Parma, Modena, Bologna, Firenze, Arezzo. Huko Italia tiketi ya karatasi hupigwa mhuri katika kijisanduku cha ukutani kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini. Tulimwona kijana mmoja akilipa zaidi ya tulivyokula siku tatu.

Usiku tukafika Roma, na yuro 112 zikiwa mfukoni. Maji ya kunywa katika mji ule hutoka bure katika mabomba ya chuma ya barabarani, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874. Jumamosi shemasi wetu alilala kifudifudi mbele ya altare, na dada yake alikuwa katika benchi la kwanza. Jumapili akatupeleka kusali pamoja na Wakongo wenzetu, katika kanisa lao dogo karibu na uwanja wa Navona. Ngoma zililia. Wakati wa sadaka mwenzetu alifungua mfuko mwenyewe, bila kuandika.