Je, wajua? Pamba iliyooza huweza kuisafirisha plutoniamu

Glavu, karatasi na vitambaa vilivyotumika kwenye mitambo ya nyuklia huzikwa pamoja na taka nyingine zenye plutoniamu. Hatari nyingine huanza vinapooza.

Hifadhi nyingi za taka hizo hujazwa saruji. Maji yanayopita humo huwa na alikali kali, na alikali hiyo huvunjavunja pamba, mbao na karatasi hadi vitoe asidi isosakarini. Asidi hii huikumbatia plutoniamu. Chembe za plutoniamu ambazo zingeganda kwenye saruji au mwamba sasa huyeyuka na kufuata maji.

Wapo wanaoila asidi hiyo! Karibu na Buxton, Uingereza, kwenye mabaki ya viwanda vya kale vya chokaa, wanasayansi walipata bakteria wanaoishi katika alikali kali na kuitafuna asidi hiyo.

Lakini bakteria hutoa pia kabonidayoksaidi, nayo huweza kuongeza uyeyukaji wa plutoniamu. Ndiyo maana katika hifadhi ya WIPP, New Mexico, mita 655 chini ndani ya chumvi, magunia ya oksidi ya magnesi huwekwa juu ya mapipa ili kuifyonza gesi hiyo.

Hapo hapo WIPP, Februari 2014, kitu kingine cha mimea kilileta balaa: pipa moja lilipasuka na kuvujisha mnururisho. Ndani yake chumvi za naitreti zilikuwa zimechanganywa na mchanga wa choo cha paka uliotengenezwa kwa ngano. Hifadhi ilifungwa karibu miaka 3.