Likizo ya Watoto na Safari ya Mombasa
Likizo ya katikati ya mwaka huwatia wazazi wengi wa visiwani hamu ya kuwapeleka watoto Mombasa wakawajue jamaa zao. Sisi twaona kwamba safari hiyo si ya matajiri peke yao. Gharama huongezwa na haraka.

Boti hadi Dar es Salaam, kisha basi kupitia Tanga na Horohoro, ni nafuu kuliko ndege. Lakini msimu wa kusi bahari huchafuka. Heri watoto walazwe usiku mmoja njiani. Kila mtoto, hata anyonyaye, awe na hati yake ya safari. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na tangu 2016 cheti chake hudumu maisha.

Nao wakuu wanaohusika tunawaomba wajiandae kabla ya msongamano wa likizo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, imewaruhusu wananchi kutembeleana. Ruhusa hiyo haitamfaa mama mwenye mtoto mgongoni, akizungushwa dirisha hadi dirisha mpaka shule zikafunguliwa.