Baiskeli katika njia za mchanga: tujikinge na ajali

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni kuendesha baiskeli katika njia za mchanga. Tanga inajulikana kwa wingi wa baiskeli. Wazee kwa vijana, wake kwa waume, wote huzipanda. Mjini, ambako ardhi ni tambarare, shida si kubwa. Lakini mtu akishika njia ya Pangani mpaka Tongoni, yapata kilomita 20 kusini ya mji, kisha akaingia katika vijia vinavyoteremka baina ya minazi kwenda pwani, mambo hubadilika. Huko kuna mchanga mlaini, mizizi ya miti na mawe ya matumbawe yenye makali. Hapo ndipo mchuuzi wa samaki huanguka na tenga lake, na mtoto aliyetumwa dukani hurudi akichechemea.

Tutaeleza kwanza kwa nini mchanga huangusha, pili jinsi ya kuupita, na tatu mambo ya kufanya mtu akianguka. Sehemu ya tatu tunaomba isomwe kwa makini zaidi, kwa sababu liko jeraha moja lisiloonekana kwa macho ambalo huweza kuua.

Kwa nini mchanga huangusha?

Baiskeli husimama wima kwa sababu inakwenda, na kwa sababu mwendeshaji huligeuza kidogo kidogo gurudumu la mbele, bila hata kujua, ili baiskeli ibaki chini ya uzito wake. Penye ardhi ngumu gurudumu hutii. Penye mchanga mlaini huzama na kuchimba mfereji. Mwendeshaji anageuza usukani huku, gurudumu linafuata mfereji kule, au linasimama ghafla na mwili unaendelea mbele. Akishtuka huukamata usukani kwa nguvu zote na kukaza mikono, na hapo ndipo anapoanguka hasa.

Mambo matatu huongeza hatari: tairi nyembamba iliyojazwa upepo mwingi, mzigo uliotundikwa kwenye usukani, na breki ya mbele kukamatwa ndani ya mchanga. Baiskeli zetu za kawaida, kama vile Phoenix, zina magurudumu makubwa ya inchi 28 na tairi nyembamba. Ni imara na hubeba mizigo mizito, lakini mchangani hutitia. Baiskeli za gia zenye tairi pana, ambazo zilianza kutengenezwa California, Marekani, katika miaka ya 1970 kwa ajili ya njia za milimani, hazizami sana, maana uzito huenea mahali pakubwa zaidi. Hata hivyo, nazo humwangusha asiyejua.

Mchanga wenyewe nao haulingani siku zote. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali na mvua hakuna, hukauka ukawa kama unga. Baada ya mvua chembe zake hushikana na njia huwa ngumu. Vivyo hivyo ufukweni: maji yanapokupwa, sehemu iliyoachwa na maji hivi karibuni huwa ngumu, bali mchanga mkavu wa juu hutitia. Mwenye safari achague wakati wake. Hata Wareno wa Vasco da Gama walilazimika kujifunza hilo mwezi wa Aprili 1498, pale meli yao moja, São Rafael, ilipopanda fungu karibu na pwani hii ya Tongoni. Iliweza kuelea tena maji yalipojaa.

Jinsi ya kuupita mchanga

1. Kagua baiskeli kabla ya kutoka. Jaribu breki zote mbili. Baiskeli za mitumba hazina mpango mmoja: katika nyingine breki ya mbele iko mkono wa kulia, katika nyingine iko kushoto. Ijue ya kwako ungali nyumbani. Kama njia ni ya mchanga mtupu, punguza upepo kidogo, hata tairi ikibonyezwa kwa kidole gumba ibonyee kidogo. Ukifika penye mawe jaza tena, kwa maana tairi legevu ikigonga jiwe mpira wa ndani hubanwa na kutoboka.

2. Tazama mbele. Anayetazama gurudumu lake huuona mchanga akiwa ameshaingia. Tazama hatua kumi au kumi na tano mbele, uchague mahali palipokanyagwa na watu au penye majani mafupi.

3. Punguza mwendo kabla ya kuingia, si ndani. Kama una gia, weka gia nyepesi mapema.

4. Peleka uzito nyuma. Kaa nyuma kidogo ya kiti, viwiko vikiwa vimekunjwa, na ushike usukani bila kukaza. Gurudumu la mbele litayumba kidogo. Liache liyumbe, litajinyoosha lenyewe.

5. Kanyaga mfululizo. Mguu ukisimama, baiskeli husimama. Ukianza kwenda kwa nguvu za ghafla, gurudumu la nyuma huchimba shimo.

6. Usikate kona kwa ghafla. Geuka polepole, kwa kuegemeza mwili kuliko kwa kuzungusha usukani.

7. Penye mizizi na matumbawe, inuka kidogo kutoka kwenye kiti, magoti yakiwa yamekunjwa na pedali zote mbili zikiwa sawa, ili ya chini isigonge jiwe. Mzizi uvuke kwa kuukabili. Ukiupitia kwa ubavu, hasa ukiwa na unyevu, tairi huteleza.

8. Ukiona huwezi, shuka usukume. Wanaofanya kazi ya kubeba samaki na nazi hushuka kila siku mahali wanapopajua, wala hakuna awacheKaye.

Mzigo, mtoto na mavazi

Mzigo uwekwe kwenye karia, ufungwe kwa mpira imara, na uwe sawa pande zote mbili. Ndoo au mfuko unaoning'inia kwenye usukani ni adui mkubwa wa mwendeshaji wa njia za mchanga.

Mtoto aliyepakiwa nyuma huwa hatarini zaidi, kwa sababu baiskeli ikiyumba naye huibana miguu yake kwa ndani, na mguu huingia katika spoku. Jeraha la namna hii huchuna ngozi ya kisigino na mara nyingine huvunja mfupa. Mtoto awekewe mahali pa kukanyagia, na upande wa gurudumu uzibwe kwa wavu au kipande cha ubao. Njia ikiwa mbaya, ateremshwe atembee.

Kanga, buibui na kikoi vikunjwe vizuri visifikie mnyororo wala spoku. Viatu vinavyofunika vidole ni bora kuliko kandambili, ambazo huteleza kwenye pedali na haziukingi mguu na matumbawe. Kofia ngumu ya baiskeli ni kinga nzuri ya kichwa kwa yeyote anayeweza kuipata.

Tusisahau maji. Kukanyaga mchangani huhitaji nguvu nyingi zaidi kuliko penye lami, na jasho hutoka kwa wingi. Beba maji, na kama inawezekana epuka safari ndefu kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mtu akihisi kizunguzungu, kichwa kikimuuma na moyo kumwenda mbio, akae kivulini, anywe maji au dafu, na asiendelee mpaka apate nafuu.

Mtu akianguka

Michubuko. Oshea kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Mchanga ukibaki ndani ya ngozi huleta usaha, na vipande vya tumbawe hufanya kidonda kikatae kupona. Usipake majivu, ugoro, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya gari. Funika kwa kitambaa safi. Kisha jiulize: nilichanjwa lini chanjo ya pepopunda? Wanawake wengi huipata kliniki wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hawajaipata tena tangu walipokuwa watoto. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi. Kwa kidonda kirefu au kichafu, nenda zahanati upate ushauri siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka taya lianze kukaza.

Mifupa. Anayeanguka hunyosha mkono ili ajizuie, na ndiyo maana kifundo cha mkono na mtulinga huvunjika mara kwa mara. Kama mahali pamevimba, pamepinda au hapagusiki, usivute wala kukanda. Kunja kanga pembe tatu, uufunge mkono kifuani ukining'inia kutoka shingoni, umpeleke mgonjwa hospitali.

Kichwa. Aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja, anayetapika, anayezidi kuumwa na kichwa, anayesinzia isivyo kawaida au anayetoka damu au maji masikioni, apelekwe hospitali mara moja. Kama analalamika shingo, asiinuliwe ovyo. Kichwa na kiwiliwili viende pamoja juu ya ubao.

Tumbo. Hili ndilo jeraha tulilolitaja mwanzoni. Gurudumu la mbele likisimama ghafla mchangani, usukani hugeuka na ncha yake humchoma mwendeshaji tumboni. Humpata hasa mtoto anayeendesha baiskeli ya mtu mzima. Nje huonekana alama ndogo ya mviringo, pengine haionekani kitu. Lakini ndani, ini, kongosho au bandama huweza kupasuka na damu ikavuja polepole.

Katika pwani yetu iko sababu nyingine ya kuogopa. Malaria ikimrudia mtu mara kwa mara, bandama yake huvimba, hushuka chini ya mbavu na kuwa nyepesi kupasuka. Pigo ambalo kwa mwingine lingekuwa maumivu ya siku moja, kwake huwa hatari ya kifo.

Chukua mfano wa mtoto aliyeanguka jioni. Ameinuka, amejipangusa mchanga, amesukuma baiskeli mpaka nyumbani, na kwa kuogopa kugombezwa hakusema kitu. Usiku anakataa chakula na kujikunja. Mzazi anadhani ni minyoo, anampa dawa na kumlaza. Huo ndio usiku wa kumpoteza mtoto. Dalili za kuangalia ni hizi: tumbo kuuma au kukaza, maumivu katika bega la kushoto bila bega kuumia, kutapika, midomo na viganja kupauka, jasho la baridi, kiu, na moyo kwenda mbio. Dalili huweza kutokea baada ya saa kadhaa, hata siku kadhaa. Ukiziona, usimpe chakula wala dawa ya maumivu. Mpeleke hospitali yenye uwezo wa kupasua, usiku huo huo, na umweleze daktari waziwazi kwamba alipigwa na usukani wa baiskeli. Bila maneno hayo daktari naye huenda akatafuta ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi: mtoto akirudi na baiskeli iliyopinda usukani, msianze kwa kugomba. Ulizeni kwanza, "Ulipigwa wapi?" Mfunueni tumbo mlitazame. Usukani hunyooshwa na fundi kwa dakika chache.

Baiskeli ni chombo kizuri. Hupeleka samaki sokoni na wagonjwa zahanati, na huupa moyo na mapafu mazoezi ambayo wengi wetu tunayahitaji. Ukitoka ufukweni ioshe kwa maji baridi na utie mafuta mnyororo, maana chumvi hula chuma na breki iliyooza ni ajali ya kesho. Nasi tuuheshimu mchanga: tuingie polepole, mikono ikiwa legevu, na pale unapotushinda, tushuke.