Kupima Theluji ya Kibo kwa Mwangwi

Kifaa kinachopima kina cha theluji kwa sauti hakiigusi theluji yenyewe. Hufungwa juu ya mlingoti kikiangalia chini, hutoa mlio mfupi wa mitetemo kama 50,000 kwa sekunde, ambao sikio la binadamu halina uwezo wa kuusikia, kisha husubiri mwangwi. Wajawazito wanaijua kazi hii kwa jina la ultrasaundi, ila hapa sauti inapita hewani. Kinachopimwa ni muda tu: kifaa kikiwa mita 2 juu ya theluji, na hewa ikiwa nyuzijoto 0, sauti huenda na kurudi kwa takriban sekunde 0.012. Muda hugeuzwa kuwa umbali, umbali hutolewa kwenye urefu wa mlingoti, na kinachobaki ndicho kina. Namba hiyo, nadai mimi, ni ya kuaminika kwa kadiri tu ya kipimajoto kilicho jirani yake; na pamoja na udhaifu huo, Kilimanjaro bado inaihitaji.

Sauti haina mwendo mmoja. Katika nyuzijoto 0 husafiri karibu mita 331 kwa sekunde. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, hushuka hadi kama 319. Je, hewa nyepesi ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambako mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani ya Tanga, haivurugi hesabu? Haivurugi. Uchache wa hewa hudhoofisha mwangwi, lakini mwendo wa sauti hufuata joto. Taabu iko kwenye joto lenyewe. Mchana jua hupiga kutoka juu, na theluji hulirudisha kutoka chini, likapenya kati ya sahani nyeupe zinazokikinga kipimajoto. Upepo ukitulia, kipimajoto husoma joto la sahani badala ya joto la hewa. Kikizidisha nyuzi 5, umbali wa mita 2 hurefuka kwa karibu sentimeta 2. Kwenye takwimu utaona theluji imepungua saa sita mchana, ikarudi jua likizama, na angani hakuna hata wingu. Katika milima ya California, ambako theluji hurundikana mita kadhaa, kosa hilo halimsumbui mtu. Kibo, sentimeta 2 zaweza kuwa theluji yote iliyoanguka.

Basi kwa nini tusichomeke vijiti barafuni, mtu akapanda kuvisoma? Vijiti ni vya kweli na havihitaji betri, lakini husema tu kilichobaki siku ya kusomwa. Theluji yaweza kuanguka wakati wa vuli ikaisha kabla ya yeyote kufika, na kumbe imeshafanya kazi kubwa: theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali barafu kuukuu yenye vumbi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Afya ya barafu ya Kibo inategemea sana theluji imeanguka lini na imekaa siku ngapi. Ndiyo maana kituo cha hali ya hewa kilichowekwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kwenye Barafu ya Kaskazini mwaka 2000 kilipewa vifaa vya sauti. Leza haisumbuliwi na joto, nakubali, lakini hupima nukta moja, na uso wa barafu ile una meno. Sauti hutanda duara la kama mita 1, ingawa nayo hupendelea ncha zilizoinuka, kwa kuwa mwangwi wake hutangulia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kina si maji. Theluji mpya ya sentimeta 10 mara nyingi hutoa kama sentimeta 1 ya maji. Iliyoshindiliwa hutoa mara tatu au zaidi. Uso ukishuka, kifaa hakisemi kama theluji imeyeyuka, imejishindilia, imepeperushwa au imegeuka mvuke. Hapo hakina jibu. Lakini theluji ikiisha na barafu ikabaki wazi, hesabu hunyooka, maana uzito wa barafu unajulikana: karibu kilo 900 kwa mita ya ujazo. Mlingoti ukiwa umezama vya kutosha na haujainama, kila sentimeta inayopotea huhesabika. Kwa usomaji wa theluji, mtafiti aanze na vipimo vya usiku, na kituo kihifadhi muda ghafi wa mwangwi pamoja na joto la saa ileile, ili likigunduliwa kosa la kipimajoto, kina kikokotolewe upya.