Maretadu hadi Oslo ni saa ngapi?

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na tangu hapo wageni na wenyeji wamekuwa wakipishana kati ya Mbulu na Ulaya ya kaskazini. Kwa hiyo mtu wa Maretadu, wilayani humo, akiuliza Oslo ni mbali kiasi gani, hajauliza jambo la ajabu.

Jibu la haraka ni kilomita 7,430 hivi kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, kama uzi uliovutwa ukakaza juu ya tufe la dunia. Ndege kubwa ikiwa angani hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na kushuka, safari ingechukua saa tisa.

Tatizo ni kwamba uzi huo hakuna abiria anayeufuata. Unapita juu ya Sudan, ambayo anga lake limefungwa kwa sehemu kubwa tangu vita vilipozuka Aprili 2023, na marubani hulazimika kuzunguka. Isitoshe, kutoka KIA lazima ubadilishe ndege njiani. Kupitia Doha ni kilomita 8,500 hivi. Wengi huiona Doha kuwa ni kwenda upande, na kuichagua Amsterdam iliyo jirani na Norway. Lakini ndege ya Amsterdam ikishuka kwanza Dar es Salaam kuchukua abiria, jumla inafika kama kilomita 8,760. Doha imeshinda! Hata hivyo, ushindi huo unaweza kupotea wote ukikaa Doha saa nane ukisubiri ndege ya pili.

Saa za kwenye tiketi nazo zinahitaji jicho. Kila moja ni ya mahali ndege inapoondokea au inapotua. Ukiondoka 20:00, yaani saa 2 usiku kwetu, na kutua Ulaya 06:00, usihesabu saa kumi. Majira ya baridi Amsterdam na Oslo ziko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo umesafiri saa kumi na mbili. Majira ya joto tofauti ni saa moja tu.

Kisha kuna kipande ambacho tiketi haikitaji kabisa. Kutoka Maretadu hadi KIA, kunguru angeruka kilomita 200 na kidogo. Gari haliwezi: katikati kuna ukingo wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara, basi ama unazungukia Karatu ama unateremka mlima Magara, na barabara inakaribia kilomita 300. Mvua ikinyesha, kipande hicho kinaweza kula saa nyingi kuliko ndege ya kwenda Doha, ambayo ni kama saa tano.

Ukienda kukata tiketi, usiulize kilomita. Uliza ndege inatua wapi na inakaa hapo kwa muda gani, kisha panga kutoka Maretadu siku moja kabla.