Pumu ya Ngozi Ina Ukoo Wake

Mtoto wa miezi mitano anaota vijipele mashavuni. Akifikisha miaka miwili vimehamia nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko, na usiku anajikuna mpaka shuka linaingia damu. Wa kwanza kuhojiwa ni mama: alikula nini alipokuwa mjamzito, anamwogeshaje, amemkosea nani. Maswali hayo yanamwonea bure.

Ugonjwa huo ni pumu ya ngozi, nayo haiambukizi wala si uchafu. Mtoto huzaliwa na uwezekano wa kuipata. Utafiti wa mapacha nchini Denmark ulionyesha kwamba pacha mmoja akiwa nayo, mwenzake wa kufanana naye huipata mara 7 hivi kati ya 10. Kwa mapacha wasiofanana ni kama mara 2 tu. Hata hao wa kufanana hawaugui wote, maana hali ya hewa, sabuni na mavumbi navyo vina sehemu yake.

Mwaka 2006 wanasayansi wa Dundee, Scotland, waligundua kwamba kasoro katika jeni ya filagrini, iliyoko kwenye kromosomu ya 1, huongeza sana hatari hiyo. Filagrini ni protini inayoifunga ngozi na kuitunzia unyevu. Ikipungua, ngozi inakuwa kama mtumbwi uliolegea kalafati: maji ya mwilini yanavuja, vinavyowasha vinapenya.

Hapa ndipo Waafrika tunapopaswa kuwa makini. Ulaya, karibu mtu 1 kati ya 10 ana kasoro hiyo. Kwa wagonjwa waliopimwa Ethiopia, na kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, ilionekana kwa nadra sana au haikuonekana kabisa. Ugonjwa wanao, lakini njia ya urithi ni nyingine: jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, zikiwemo zinazoongoza kinga ya mwili. Kwa hiyo kipimo kilichotungwa kwa jeni za Wazungu kikisema mtoto wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, yuko salama, hakijasema kitu. Utafiti wa ngozi zetu ufanyike kwetu. Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.

Kwa sasa kipimo bora ni kuuliza ukoo. Nani ana pumu ya kifua? Nani hupiga chafya na kuwashwa macho kila msimu? Hali hizo na pumu ya ngozi huandamana katika ukoo mmoja. Zamani tabibu Adrien Atiman alitibu watu Karema tangu 1889 hadi alipofariki 1956. Tabibu aliyekaa mahali pamoja muda huo anamjua bibi, mama na mjukuu. Siku hizi matabibu wanahamishwa, basi familia yenyewe ibebe kumbukumbu hiyo na kuisema kliniki.

Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tazameni rangi ya majivu, weusi uliozidi na ngozi kuwa nene. Mwogesheni mtoto kwa muda mfupi, bila sabuni kali, kisha mpakeni mafuta ya mgando mwili ungali na unyevu, hasa upepo mkavu wa kiangazi unapoanza. Dawa ya steroidi ipakwe kama tabibu alivyoelekeza. Lakini nyumba nzima ikiwashwa usiku, hasa katikati ya vidole, huo huenda ni upele unaoambukiza, si pumu ya ngozi. Wote mtibiwe siku moja.